Kuhama Dodoma mjini: Kongwa, Mpwapwa au Kondoa?

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na zaidi baada ya Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, kodi za nyumba na bei za viwanja mjini zimepanda, na watu wengi wameanza kupiga hesabu ya kuishi nje. Siyo Nkuhungu wala Nala, bali nje kabisa, kwenye mji mdogo wa zamani wenye miembe mikubwa, soko la kutembea kwa miguu na majirani wanaosalimiana. Miji inayotajwa sana ni mitatu: Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Yote ina historia ndefu kuliko jiji lenyewe linavyojulikana sasa, na yote ina nyumba za bei nafuu. Lakini haifanani hata kidogo, na anayeichagua kwa kuangalia kodi peke yake huishia kurudi mjini kabla ya mwaka kuisha.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza, unatakiwa kuwa Dodoma siku ngapi kwa wiki. La pili, nyumba unayoiendea ina maji mwezi Oktoba? Kodi ni ya tatu.

| | Kongwa | Mpwapwa | Kondoa |
|---|---|---|---|
| Umbali kutoka Dodoma | takriban km 90 | takriban km 120 | takriban km 160 |
| Njia | barabara ya Dar hadi Mbande, kisha kusini hadi Kongwa | kupitia Mbande na Kongwa | barabara ya Arusha, lami mwanzo hadi mwisho |
| Unaingilia jiji | mashariki | mashariki | kaskazini |
| Maji | ya kuhangaikia | ya wastani | bora kati ya mitatu |
| Anayefaa | wa siku mbili tatu kazini | wa siku moja, au mstaafu | anayehama kweli |

Miji yenyewe

Mpwapwa ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi walipumzika hapo na kujaza maji kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika ya maji ya chumvi iliyowatenganisha na Ugogo. Stanley alipita hapo mwaka 1871, wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakafika 1876, na Wajerumani wakaweka boma. Baadaye ukawa mji wa elimu na mifugo: chuo cha ualimu, sekondari kongwe, na kituo cha utafiti kilichozalisha aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Hii si habari ya kupamba. Mji uliolelewa na vyuo na utafiti una wapangaji watumishi, una watu waliozoea wageni, na una nyumba za kupanga zilizojengwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwa mshahara. Ukishuka Mpwapwa ukauliza nyumba, utaonyeshwa kadhaa siku hiyohiyo.

Kongwa unajulikana kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na tingatinga kufyeka nyika walime karanga kwa ukubwa usiowahi kuonekana Afrika Mashariki. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Mvua haikutosha wala kutabirika, na udongo mwekundu ulikauka baada ya masika ukawa mgumu kiasi cha kula majembe ya matrekta na kufungia karanga ardhini. Miaka ya 1960 eneo hilohilo likawapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo FRELIMO, ANC na SWAPO. Leo Kongwa ni mji wa wilaya wenye ranchi kubwa ya taifa jirani, na soko la mahindi la Kibaigwa liko barabara kuu ndani ya wilaya hiyo. Ni mji tambarare, mpana, wenye upepo mwingi kuanzia Juni.

Kondoa ni nchi ya Warangi, na ndio mji wenye sura ya mji wa kale kuliko wenzake: misikiti, maduka ya barazani, boma la Wajerumani. Mapigano makubwa ya Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya majeshi ya van Deventer wa upande wa Waingereza na Lettow-Vorbeck wa Wajerumani yalipiganwa hapa, na kilichowatesa askari kuliko risasi kilikuwa masika yaliyokata njia ya chakula. Kaskazini ya mji, upande wa Kolo, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Barabara, na hesabu ambayo watu hawaifanyi

Kwenye ramani Kongwa inaonekana karibu. Tuichukulie hesabu ya mtumishi wa Dodoma mjini mwenye gari dogo.

Kilomita 90 kwenda, 90 kurudi, ni 180 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 3,960 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 396. Tukichukua mfano wa shilingi 3,000 kwa lita (EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei mpya kila mwezi, weka ya mwezi wako), ni shilingi 1,188,000 za mafuta peke yake. Ongeza kumwaga oili kila kilomita 5,000, yaani karibu kila wiki ya tano au ya sita, na matairi. Kodi uliyookoa imeliwa mara kadhaa.

Mtu huyohuyo akienda kazini siku mbili kwa wiki, safari nane kwa mwezi, anatembea kilomita 1,440, lita 144, shilingi 432,000. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuwa na maana. Kwa hiyo tuseme wazi: kwa anayesaini kila siku asubuhi, hakuna hata mmoja kati ya miji hii mitatu unaofaa. Aangalie Chamwino, kilomita zisizofika 40, ambako Mwalimu Nyerere alishiriki kujenga kijiji cha ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambako Ikulu ipo. Au Mvumi Misheni, kusini-mashariki, penye hospitali ya misheni yenye jina, mradi akubali vumbi la barabara.

Muda nao hausomeki kwenye kilomita. Barabara ya Dar kutoka Dodoma hadi Mbande ina vijiji vilivyofuatana, na kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wapo. Ina malori ya mizigo ya Rwanda na Kongo yanayopanda taratibu. Kongwa hadi Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, hesabu saa moja na nusu, siyo saa moja. Giza likiingia ongeza tena: ng'ombe na punda huvuka bila taa, na lori lililoharibika huwekewa matawi tu nyuma yake. Usipange maisha yanayokulazimu kuendesha njia hiyo usiku kila wiki.

Kuna faida moja ambayo wa Kongwa na Mpwapwa wanayo na haisemwi vya kutosha. Wote wawili wanaingia jiji kwa mashariki. Mtumba wanaikuta kabla ya mjini, na stendi kuu ya mabasi Nanenane nayo iko upande wao. Wa Kondoa anatokea Msalato, na kama ofisi yake ni Mtumba bado ana jiji zima mbele yake, isipokuwa atumie barabara ya mzunguko wa nje inayounganisha Veyula na Mtumba. Pamoja na hayo, njia ya Kondoa ndiyo nzuri kuliko zote tatu: barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa ikiwa lami Aprili 2018, magari ni machache, na masika hayaikati.

Mpwapwa ndio wa kuuliza sana. Lami ya Mbande hadi Kongwa ipo. Kuanzia Kongwa kwenda Mpwapwa ujenzi umekwenda kwa vipande, na kuna makorongo ya mchanga njiani ambayo hujaa ghafla mvua ikinyesha milimani hata kama ulipo ni jua. Ipite njia hiyo Januari au Machi kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Upande wa reli, kituo cha Gulwe kiko kusini ya mji, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inapita hapo. Lakini si kila treni inasimama vituo vidogo. Angalia ratiba ya treni ya kawaida, kisha jumlisha bodaboda au gari la kutoka Gulwe hadi mjini, tena saa treni inapofika.

Kwa wasio na gari: kosta na noah za Kongwa na Mpwapwa huondoka zikijaa, siyo saa ikifika. Ya alfajiri hujaa haraka. Ya saa nne asubuhi unaweza kuikalia muda mrefu. Uliza gari la mwisho la jioni kutoka Dodoma ni saa ngapi, na uliulize stendi kwa makonda, maana mwenye nyumba atakuambia magari yapo muda wote.

Maji

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na wastani wake sehemu nyingi ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Novemba ni siku 214 ambazo usitegemee tone. Visima virefu vingi vya kanda hii vina chumvi. Ukifika kwenye nyumba, osha mikono kwa sabuni ya mche: povu likikataa na mikono ikabaki na utando, hayo ndiyo maji utakayopikia chai. Angalia na sufuria la jirani ndani. Lenye ukoko mweupe limekwisha kukujibu.

Kati ya mitatu, Kondoa unaongoza, una chemchemi mjini kwenyewe. Mpwapwa inategemea sana Milima ya Kiboriani iliyo juu yake, na hali hutofautiana mtaa kwa mtaa: uliza maji hutoka siku zipi za wiki, na usikie jibu kutoka kwa mama anayeuza genge, siyo kwa dalali. Kongwa ndio mgumu. Hata mradi wa karanga uliteseka kwa maji, ukiwa na fedha za serikali nzima nyuma yake.

Kokote utakakokwenda, nyumba isiyo na mahali pa kuhifadhi maji ni nusu nyumba. Hesabu yake ni rahisi. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 550 linapokea lita 55,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, kuvuja na kumwagwa, zinabaki lita 44,000. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 25 kwa siku, inahitaji lita 125. Kwa siku 214 ni lita 26,750. Maana yake paa linatosha. Kinachokosekana huwa ni tangi. Shimo la zege lenye mita tatu kila upande, urefu, upana na kina, linachukua lita 27,000. Ukitaka simtanki, ni sita za lita 5,000, nazo ziwekwe juu ya sakafu ya zege iliyosawazishwa. Tangi likikaa juu ya kokoto au ardhi iliyoinama hupasuka chini likijaa kwa mara ya kwanza.

Makosa ya kawaida ni haya. Mifereji ya paa hufungwa sawasawa bila mteremko, na mvua za Desemba za Dodoma, ambazo ni chache lakini nzito, humwagika katikati badala ya kufika kwenye bomba. Ipe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Mvua ya kwanza hubeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege, kwa hiyo weka kiungo cha bomba kinachofunguka, uimwage yote nje, ndipo ufunge ya pili iingie. Na mfuniko uwe na wavu, au utakuwa umefuga mbu.

Nyumba za zamani na ardhi zilipo

Nyumba ya zamani ina mvuto: kuta nene, dari juu, baraza. Ndani yake ni baridi mchana wa Oktoba wakati nyumba ya tofali za inchi tano na bati tupu inachemka. Lakini ipekue kabla hujapenda.

Anza na mbao. Chukua bisibisi, panda dari, na uchome mbao inayolala juu ya ukuta mahali kenchi zinapokanyaga, hasa upande wa bafuni na pembeni ambako mvua hulowesha. Bisibisi ikizama bila kulazimishwa, mchwa wamekula ndani wakaacha ganda na rangi. Kisha fuata ukuta chini ukitafuta vijia vya udongo vyembamba vinavyopanda kutoka sakafuni. Ukikivunja kipande na kesho yake kimezibwa, mchwa bado wapo kazini. Fremu za milango gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ya ubao mzima ni kavu na fupi.

Nyufa zina lugha zake. Ufa mwembamba wa plasta ni wa kupaka rangi. Ufa unaoanza kona ya dirisha ukishuka kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, mpana juu kuliko chini, unasema msingi unatembea. Hutokea sana kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi kila mwaka. Kwenye kiwanja, chimba shimo la mita moja hadi moja na nusu uone kilicho chini. Wekundu wa juu wakati mwingine ni tabaka tu. Ukijenga kwenye udongo wa namna hiyo, shusha msingi upite tabaka linalovimba, funga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba yote, na jenga njia ya zege ya angalau mita moja kuzunguka kuta ili maji ya paa yasinywee kwenye msingi.

Kondoa ina tatizo lake, nalo ni makorongo. Mmomonyoko wa hapo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Miti ilirudi, na hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini ukingo wa korongo bado hula ardhi. Kiwanja kilichopakana nalo kinaonekana kikubwa kwa bei ndogo kwa sababu mwenyewe anajua kitapungua. Kaa mbali, na angalia mizizi ya miti ya ukingoni: ikining'inia hewani, ukingo ulikuwa mbele zaidi juzi tu.

Anayetaka shamba, asome karanga za Kongwa vizuri. Wakulima wadogo bado wanalima karanga na alizeti pale na wanavuna, kwa sababu wanapanda mapema kwa mvua ya kwanza, eneo wanaloweza kulipalilia, pamoja na mtama au uwele wa kuwalinda mwaka mbaya. Ekari 50 za mkupuo kwa mkopo ni kurudia kosa la 1947.

Hati

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu nyumba nyingi za miji ya zamani ni za urithi. Anayekuuzia anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Omba barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi, na uone kwamba warithi wengine wamesaini. Kikao cha ukoo kilichoandikwa kwenye karatasi ya daftari si uteuzi wa mahakama. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi.

Kwa kiwanja, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuonyeshwa kwenye mchoro wa mipango miji. Hapo utagundua kama kimepangiwa barabara, shule au eneo la wazi. Kisha fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue kama kuna mkopo juu yake. Mkataba ufanyike mbele ya wakili, na malipo ya Serikali yalipwe kwa kontroo namba tu. Ardhi ya kijiji ni habari nyingine: hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na muhuri wa mwenyekiti peke yake haukutoshi, halmashauri ya kijiji iwe imekaa, na muhtasari wa kikao uwepo. Ukikataa kufuata hatua hizi kwa haraka ya bei, ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hospitali, shule, mtandao

Miji yote mitatu ina hospitali ya wilaya. Kwa ugonjwa wa kawaida na kujifungua kusiko na shida, zinatosha. Kwa figo, moyo au mtoto njiti, safari ni Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapo kilomita 160 za Kondoa si sawa na 90 za Kongwa. Mzee mwenye kliniki ya kila mwezi aiweke kwenye hesabu ya nauli. Shule za serikali zipo kote. Shule za binafsi za kuchagua ni chache, na wengi huishia kupeleka watoto bweni. Mtandao upime mwenyewe ndani ya nyumba saa tatu usiku, watu wote wakiwa hewani. Mchana kila mtandao ni mzuri.

Nani aende wapi

Anayefanya kazi nyumbani na kuripoti ofisini siku mbili, mwenye gari zima, tunamshauri Kongwa, ila achukue nyumba yenye tangi tayari au atenge fedha za kulijenga kabla ya fenicha. Mstaafu, mwalimu, au mwenye biashara ya mtandaoni anayetaka utulivu na jamii ya wasomi, Mpwapwa. Hapo hata jioni za Juni ni baridi ya kuvaa sweta. Anayehama moja kwa moja, mwenye mtaji wa duka, ufugaji wa ndani au nyumba ya kulaza wageni wa Kolo, Kondoa inawazidi wenzake, na tunaiweka ya kwanza kwa mtu huyo bila kusita. Kwa mtumishi wa kila siku, kama tulivyosema, Chamwino.

Na yeyote yule apange kwanza, asinunue. Mkataba wa miezi sita uanze Septemba. Septemba na Oktoba zitakuonyesha maji. Novemba joto, vumbi na umeme unavyokatika. Desemba na Januari paa linapovuja na korongo linapojaa. Februari itakukuta umeshawajua majirani, na wao ndio watakaokuambia kiwanja kipi kina kesi. Ukipanga kuanzia Aprili utaonyeshwa mji wa kijani, mapipa yamejaa, na kodi itapandishwa ukiwa umeshahamisha watoto shule.